Shajara ya sebuleni: filamu saba na Bibi

Kabla ya kuanza

Idi imepita, msimu wa korosho ulishafungwa, na masika inatufungia ndani karibu kila jioni. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Ghala likifungwa, kazi yangu nayo inalala. Nyumba ni ya Bibi, hapa Mikumbi, Lindi mjini. Televisheni ni ya inchi 32, sabufa ni ya mdogo wangu, filamu zipo kwenye flashi.

Mradi ni huu: kila Jumamosi baada ya Isha, filamu moja, mwanzo hadi mwisho. Bibi kwenye kiti chake, mimi mkekani na rimoti. Bibi hajui Kiingereza, hasomi maandishi ya chini, na jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho. Kwa hiyo mimi ndiye mtafsiri. Nimenunua kaunta buku, na kila filamu nitaiandikia maoni yangu, maoni ya Bibi, na namba moja tu: nimesimamisha mara ngapi ili nieleze.

Namba hiyo ina sababu. Nimekulia kwenye vibanda umiza, na sauti iliyonifundisha filamu ni ya Lufufu na wenzake, wale waliokuwa wanaongea juu ya kaseti, wanampa steringi jina la kwetu na kutueleza adui anawaza nini. Nilikua nikiamini kwamba filamu isiyo na mtu wa kuisema ni nusu filamu. Nataka kujua kama ni kweli.

Jumamosi, 28 Machi. Mother India. Kusimamisha: mara 41.

Bibi ndiye aliyeichagua. Aliiona Dar es Salaam akiwa msichana, alipokwenda kumlelea dada yake mtoto, na tangu hapo ana kipande cha wimbo wake anachokiimba akitwanga, bila kujua maana ya neno hata moja. Ni filamu ya 1957, ya Mehboob Khan, inakaribia saa tatu. Kwa kusimamisha kwangu ilitufikisha saa saba usiku.

Radha anaolewa kijijini. Mama mkwe wake alikopa rupia 500 za harusi kwa mkopeshaji aitwaye Sukhilala, akaweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Wazee wanaamua kwamba robo tatu ya mavuno ya kila mwaka ni riba. Deni lenyewe liko palepale. Hapo nikasimamisha, nikaanza kueleza riba ni nini.

"Usinieleze, mume wangu," Bibi akasema. "Hiyo ni kangomba."

Asiye wa kusini labda hajui. Mtu wa kangomba anakuja miezi ya njaa, korosho bado ni maua, anampa mkulima hela kidogo au debe la mahindi, na zikianguka ni zake. Nimekaa kwenye mizani misimu sita. Nimeona mzee analeta magunia manne huku mwenye magunia amesimama nyuma yake, mikono mifukoni, anasubiri niandike kilo. Stakabadhi inaandikwa jina la mzee. Sikuwahi kuona filamu inayoijua sura ya yule wa nyuma. Hii inaijua.

Maoni yangu: pale Nargis, aliyecheza Radha, anapoivuta plau kwa mabega yake mwenyewe kwenye tope, saa zote tatu zimelipwa. Nusu ya pili inarefushwa na nyimbo kuliko inavyostahimili. Mwisho tulibishana. Radha anampiga risasi mwanawe Birju kwa sababu amemteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Bibi anasema alifanya sawa, mtoto wa kike wa mtu ni mtoto wako. Mimi naona hivyo hivyo kuhusu binti, lakini nililia kwa ajili ya Birju, kwa sababu yeye ndiye aliyeyachoma madaftari ya madeni.

Kati ya mara 41, naona mara kumi hivi zilikuwa za lazima.

Jumamosi, 4 Aprili. Filamu ya magari. Kusimamisha: 0.

Zamu ya mdogo wangu. Sitaitaja jina, haihitajiki. Ilikuwa imeshatafsiriwa na mtu, na mtu huyo hakuvuta pumzi. Gari likipinduka anasema gari limepinduka. Bibi alilala dakika ya ishirini. Sifuri hii siihesabu.

Kilichobaki cha usiku huo ni maneno ya Bibi alipoamka. Anakumbuka gari la sinema la serikali lilipokuja kiwanjani kijijini kwao: shuka jeupe, jenereta, na bwana mwenye kipaza sauti anayeeleza kila kitu. Nilishangaa, maana nilidhani kutafsiri kulianza na kaseti. Kumbe ni zamani zaidi. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo Vugiri, kule Usambara, wakitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha Afrika Mashariki pamoja na maelezo kwa lugha za watu. Televisheni yenyewe Zanzibar walianza kuiona 1973, sisi wa Bara tukaipata 1994. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu anayesema katikati ya picha na watazamaji. Nilimuuliza Bibi yule bwana wa kipaza sauti alikuwa anasema nini. Hakumbuki. Anakumbuka picha ya inzi mkubwa kama mbuzi.

Jumamosi, 11 Aprili. Jurassic Park. Kusimamisha: mara 19.

Nimekaa na ukurasa huu tangu alfajiri.

Filamu ya 1993, Steven Spielberg. Nilishaiona mara nyingi kibandani, na kila mara nilikuwa nasubiri yule mla nyama, Tyrannosaurus. Safari hii nilikuwa nasubiri mwingine. Wataalamu wamepanda gari kuzunguka kisiwa chenye dinosaria hai. Alan Grant anaona kitu, miguu inamwishia nguvu, anavua miwani. Mwenzake, Ellie Sattler, yuko bize na jani, hajaona. Grant anamshika kichwa kwa mkono na kumgeuza. Ndipo na sisi tunageuzwa: Brachiosaurus, dinosaria mla majani, shingo imepanda juu ya miti, anatembea taratibu kama mwenye eneo.

Nikasimamisha. Bibi alikuwa amejiinua kwenye kiti, amekaa ukingoni. Nikamwambia: Bibi, huyu ni wa kwetu. Mifupa ya ndugu yake ilichimbwa Tendaguru.

Sijui kama nje ya Lindi watu wanalijua jina hilo inavyostahili. Tendaguru ni kilima, kiasi cha kilomita 60 kaskazini magharibi ya hapa nilipokaa. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mfupa mkubwa umejitokeza njiani. (Ndiyo, Sattler, kama yule dada wa kwenye filamu. Nilipoliona jina kwenye skrini nililiandika pembeni na kulipigia mstari.) Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na msimamizi aliyeijua kazi kuliko wote alikuwa Boheti bin Amrani. Vibarua walifika kama 500. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha juzi tu, njaa imewasaga watu, na hawa ndio waliochimba. Mifupa ilipakwa plasta, ikafungwa kwa mianzi, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Ni zaidi ya tani 200. Mnyama mkubwa kuliko wote amesimama Berlin tangu 1937, ana mita 13 na kidogo, na hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa inayomzidi kimo.

Jina la Brachiosaurus lilitolewa 1903 kwa mifupa ya Marekani. Wa Tendaguru alipewa jina hilohilo 1914, baadaye wataalamu wakaona wanatofautiana vya kutosha, na sasa anaitwa Giraffatitan. Ndiyo maana nilimwambia Bibi ndugu yake, sikumwambia yeye mwenyewe.

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya ukumbi wa Berlin. Aliisogeza kwenye jicho la kushoto.

"Wamemsimamisha?"

"Wamemsimamisha, Bibi."

"Peke yake kule?"

"Ana wenzake wachache. Wengine nao ni wa Tendaguru."

Hakusema kitu. Akaashiria niendelee. Baadaye, watoto wakiwa wamelala juu ya mti, mnyama analeta kichwa na yule msichana anapigwa chafya usoni, Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Maoni yangu, na nayasema kwa uzito: dakika zile chache za Brachiosaurus ndizo sehemu bora ya filamu nzima, na nusu ya mwisho ya kukimbizana jikoni na koridoni, ingawa imetengenezwa kwa ufundi mkubwa, inasahau ule mshangao wa mwanzo. Tena yeye ndiye mwenye haki na jina la filamu. Aliishi enzi ya Jurasiki kweli, miaka kama milioni 150 iliyopita, wakati yule mla nyama mashuhuri alikuja makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Kuna kosa pia: wanamwonyesha anasimama kwa miguu ya nyuma na kutafuna majani kama ng'ombe, mambo ambayo wachunguzi wa mifupa hawayakubali. Silichukii kosa hilo. Linanifanya nitake kumwangalia tena.

Jumanne, 14 Aprili. Nyongeza.

Asubuhi, tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, Bibi akaanza bila kuulizwa. Babu yake mzaa mama, mtu wa upande wa Mipingo, alibeba. Alikuwa anasimulia kwamba mzigo wake ulikuwa wa watu wawili kwa mti mmoja, na kwamba alikuwa nyuma, kwa hiyo siku nne alitazama kisogo cha mwenzake na fumba la mianzi likicheza. Aliambiwa ni mawe. Akasema jiwe halina kifundo cha goti.

Bibi alinionyesha kwa ng'oko aliokuwa nao mkononi, akazungusha kidole kwenye ncha yake: hapa, alisema, hapa ndipo babu alipojua.

Nimeyaandika maneno haya siku hiyohiyo ili yasipotee. Sikuwahi kuyasikia, na nimeishi nyumba hii miaka 27.

Jumamosi, 18 Aprili. Wezi wa baiskeli, ya Vittorio De Sica. Kusimamisha: mara 9.

Ya Italia, 1948, nyeusi na nyeupe. Nilihofia: Kiitaliano sikijui, nasoma Kiingereza cha chini, halafu nakigeuza Kiswahili. Nilipanga kusimamisha sana. Haikuhitajika.

Antonio hana kazi. Anapata ya kubandika matangazo ukutani Roma, lakini lazima awe na baiskeli, na baiskeli iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayafunga bunda, wanaenda kuyaweka rehani ili wakomboe baiskeli. Karani wa rehani analichukua bunda lao na kupanda nalo kwenye rafu. Anapanda, anapanda, na rafu yote hadi juu ni mabunda ya mashuka ya watu wengine. Hapo sikusema neno. Bibi aliguna tu, ile guno ya ndani.

Mdogo wangu alikuwepo. Yeye anaendesha bodaboda ya mkataba, kila jioni hesabu ya tajiri kwanza, na pikipiki itakuwa yake mwakani Mungu akipenda. Baiskeli ilipoibiwa, Antonio yuko juu ya ngazi na gundi mkononi, mdogo wangu alisema angefunga mnyororo. Bibi akamjibu: "Aliye juu ya ngazi ana mikono miwili tu." Kisha akanyamaza, na mdogo wangu hakurudia. Mwishoni, Antonio ameshindwa kuipata, anajaribu kuiba ya mtu, anakamatwa mbele ya mwanawe, anazabwa makofi. Mtoto anampa mkono. Wanatembea. Mdogo wangu alitoka nje bila kuaga, nikasikia anavuta mnyororo wa pikipiki kuhakikisha umefunga.

Aliyecheza Antonio hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Inaonekana kwenye mabega. Hii ndiyo filamu bora ya mradi mpaka leo, na nasema hivyo nikijua nilivyoandika juu ya Tendaguru.

Jumamosi, 25 Aprili. Vuta N'Kuvute. Kusimamisha: mara 1.

Riwaya ya Adam Shafi tuliisoma kidato cha tano na sita. Filamu ni ya Amil Shivji, ilioneshwa Toronto 2021, na ndiyo Tanzania iliyoipeleka kushindania Oscar. Unguja ya miaka ya 1950: Denge anapambana na Waingereza, Yasmin anakimbia ndoa asiyoitaka, Mwajuma anampokea.

Mara hiyo moja nilisimamisha kwa mazoea. Bibi akanigeukia: "Hiki si Kiswahili?"

Tukatazama. Mwanga wa vibatari kwenye kuta za chokaa, ngozi za watu zikionekana rangi zake kamili, jambo ambalo filamu zetu nyingi zinalikosa kwa sababu taa inapigwa usoni kama ya polisi. Watu wanakaa kimya na kamera inawaachia. Sinema zetu za Bongo nimezipenda tangu enzi za Kanumba, na King Majuto ndiye mtu pekee anayeweza kumchekesha Bibi kwa kuingia mlangoni tu. Ila zina ugonjwa wa kusema: mtu akiwa na huzuni anasema nina huzuni. Hii haisemi. Ninachoilaumu ni kwamba imepunguza mno riwaya. Mwajuma, ambaye Siti Amina anamchezea kwa uhai wote, alistahili nafasi kubwa zaidi. Bibi analalamika kwamba taarabu ilikatwa katikati.

Jumamosi, 2 Mei. Supa Modo. Kusimamisha: mara 3.

Umeme ulikatika mapema, tukaimalizia kwenye kompyuta ndogo, watu watatu vichwa vimegusana. Ni ya Kenya, 2018, Likarion Wainaina. Jo ni msichana mgonjwa asiyepona, anapenda filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinaamua kumfanya shujaa. Kuna banda la video na mtu anayetangaza filamu kwa sauti yake, nikajiona. Fupi, safi, inauma. Mara tatu zote zilikuwa Kikikuyu.

Bibi hakutaka kuizungumza. Alisema tu, "Wamemfanyia vizuri mtoto yule," akaenda kulala.

Jumamosi, 9 Mei. City Lights, ya Charlie Chaplin. Kusimamisha: 0.

Ya 1931. Sauti ilikuwa imeshaingia kwenye filamu, Chaplin akakataa, akaweka muziki ambao sehemu kubwa aliutunga mwenyewe na vibao vichache vya maandishi. Nilivisoma kwa sauti ndogo bila kusimamisha. Baada ya nusu saa niliacha hata hivyo, maana Bibi alikuwa anacheka kabla yangu.

Yule mzururaji anampenda muuza maua kipofu, ambaye anamdhania tajiri. Anahangaika kumtafutia hela ya matibabu, anaipata, anafungwa jela. Anapotoka nguo zimechakaa, watoto wanamchokoza barabarani. Binti sasa anaona, ana duka lake. Anamwona kwenye kioo, anamcheka, anamhurumia, anatoka kumpa ua na sarafu. Anaushika mkono wake ili aiweke sarafu kiganjani.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kibao hakijatokea, uso wa binti ndiyo kwanza unaanza kubadilika, na Bibi, kwa jicho lake moja, akasema polepole:

"Amemjua kwa mkono."

Nikafunga mdomo. Tuliiacha ikaisha, na muziki ukaisha, na hatukuwasha taa.

Sina la kuongeza kwenye filamu hiyo. Niliandika sifuri, nikaiwekea duara.

Jumamosi, 16 Mei. Marudio: Jurassic Park. Kusimamisha: mara 6.

Haikuwa kwenye mpango. Bibi alimpigia simu dada yake mkubwa aliye Mipingo, akamwambia njoo, kuna mnyama nataka umwone. Amefika jana na furushi la mihogo na tochi yake. Nimewaamkia wote wawili, wamekalishwa kiti kwa kiti, ming'oko na chumvi katikati yao kwenye ungo.

Rimoti nilinyang'anywa. Grant alipovua miwani Bibi aliweka mkono kwenye kichwa cha dada yake na kukigeuza kwenye skrini, ingawa dada yake alikuwa anaangalia hukohuko. Mnyama alipotokea, akabonyeza. Picha ikasimama, shingo juu ya miti.

Halafu akaanza kutafsiri, kwa Kimwera, na hakutafsiri filamu. Nilisikia Mipingo, nikasikia Lindi, nikasikia neno la babu yao likirudiwa na dada mtu akilidaka na kuliongezea. Wakafika kwenye mti wa mzigo. Hapo walisimama wote wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, mikono begani, wakahesabu hatua kutoka sebuleni mpaka mlangoni, na dada mkubwa, aliyekuwa nyuma, akamwambia Bibi aende taratibu, fumba linacheza.

Mara zote sita ni Bibi aliyesimamisha. Nimeziandika kwa jina lake.